Kidude cha kuhamishia kaseti kwenye kompyuta: nilivyokitumia kwa kaseti za Mjomba

Nianze na bei, kwa sababu ndiyo kila mtu huniuliza kwanza. Shilingi 2,800, duka la vifaa vya simu hapa Mombasa, pamoja na waya wa USB, visikilizi vya masikioni ambavyo sikuvitumia, na kisahani kidogo cha CD chenye programu. Kompyuta yangu haina pa kutia CD, na sidhani yako inapo. Kitupe. Programu yenyewe ni Audacity, ambayo unaishusha bure kwenye intaneti.

Kidude ni kile kinachotangazwa kila mahali kwa majina mbalimbali: kisanduku cha plastiki cha kuingia mfukoni, kina mlango mbele unapoweka kaseti, tundu la visikilizi upande mmoja na la waya upande wa pili. Kinatumia umeme wa kompyuta au betri mbili ndogo. Fundi aliyenifungulia changu alisema mashine ya ndani ni moja kwa karibu vyote, jina la juu tu ndilo hubadilika, kwa hivyo sina haja ya kukitaja jina. Ukinunua chochote cha jamii hiyo umenunua hiki hiki.

Kwa sauti ya mtu akizungumza, kinatosha na kuzidi. Kwa muziki, hapana. Na kaseti za Mjomba zina vyote viwili vimechanganyika, mazungumzo yanaingia kwenye udi, ile ala ya nyuzi, na udi unaingia kwenye taarifa ya habari, ndiyo maana maelezo yangu yatarefuka kidogo.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamaji, kisha mtu wa benki, na katika kazi zote mbili alikuwa mpiga udi wa ridhaa. Alipoondoka aliacha kasha la mbao chini ya kitanda, limejaa kaseti, na juu yake daftari moja la jalada gumu. Mkazamjomba alikuwa ndani ya eda, hatoki. Akaniita akaniambia, "Mwanangu, nitafutie sauti yake akizungumza. Mambo ya ala waachie wenyewe." Alisema hivyo kwa sababu katika ukoo wetu, kama koo nyingi za Mji wa Kale, wapo wanaoamini muziki wa marehemu humtesa kaburini. Mmoja wao alishapendekeza kasha zima litiwe moto baada ya khitma ya arobaini. Ni mtu mzima kwangu, sikubishana naye. Nilibeba kasha nikaenda nalo kwangu.

Kabla ya kidude, itazame kaseti. Hapa pwani adui mkubwa ni unyevu. Inua kaseti kwenye mwanga uangalie kidirisha chake: ukiona weupe umekaa ukingoni mwa utepe, usidhani ni vumbi, hiyo ni kuvu. Usiicheze. Kuvu itahamia kwenye hedi ya mashine, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, na kutoka hapo itaingia kila kaseti utakayoweka baadaye. Tazama pia kile kipande kidogo cha sifongo kilicho nyuma ya utepe, katikati, kinachousukuma ugusane na hedi. Gundi yake hukauka miaka ikipita, kinadondoka, na sauti inakuwa hafifu, inakuja na kupotea. Watu wengi hutupa kaseti ya namna hiyo wakidhani imekufa. Kaseti zilizofungwa kwa skrubu tano ndogo hufunguka kwa bisibisi ya saa, unachukua sifongo kutoka kaseti mbovu unabandika. Zilizogundishwa itabidi uzivunje ganda na kuhamishia utepe kwenye ganda jingine, kazi inayotaka mkono mtulivu na mlango umefungwa, watoto wako nje.

Halafu usafi. Mimi nafanya kazi duka la dawa, kwa hivyo hapa nisikilize: spiriti ya vidonda ya asilimia 70 ina maji mengi. Tafuta ile ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, chovya pamba ya kijiti, pangusa hedi mpaka pamba itoke nyeupe. Mpira unaobana utepe upanguse haraka, usiuloweshe. Na kaseti iliyolala miaka, izungushe mbele yote na kuirudisha nyuma yote kabla ya kuicheza, utepe ulegee. Zile za C120 ziogope. Zina saa moja kila upande kwa sababu utepe wake ni mwembamba mno, na kidude hiki kilinimezea moja hivi hivi naitazama. Za C60 na C90 hazikunipa taabu.

Sasa daftari. Mjomba alikaa kaunta, kisha nyuma ya kaunta, kwenye benki moja ya Treasury Square mpaka akastaafu, na inaelekea hakuwahi kuiacha kazi kazini. Daftari lile ni leja. Kila kaseti ina namba na tarehe na mistari miwili: upande A ameuandikia "Dr", upande B "Cr", debiti na krediti za wahasibu. Kulia kuna safu ya waazimaji. Aliyeazima huandikwa kwa wino mwekundu, akirudisha jina linapigwa mstari wa buluu na Mjomba anatia sahihi yake fupi, ile ile ya kwenye hundi. Hata mkewe amo: 1983, kaseti namba 12, imerejeshwa. Alikuwa analala naye kitanda kimoja juu ya kasha hilo hilo!

Kwa anayehamisha kaseti, leja kama hii ni nusu ya kazi. Kama nyumbani kwenu hakuna, andika yako kabla hujaanza, maana faili zikishafika kumi kwenye kompyuta zenye majina ya "Untitled" hutajua ipi ni arusi na ipi ni maulidi.

Kaseti niliyoanza nayo ni namba 4. Daftari linasema "Idd, 1979, mazungumzo". Nikabonyeza, ikatoka sauti nyembamba ya haraka haraka, nikadhani ni mtoto. Kumbe ni yeye. Betri za redio-kaseti yake zilikuwa zinakwisha siku aliporekodi, utepe ukawa unakwenda polepole, na sasa ukichezwa kwa mwendo wa kawaida maneno yanakimbia. Hili usikilaumu kidude. Kwenye Audacity kuna amri ya kubadilisha mwendo, unapunguza kidogo kidogo huku unasikiliza. Asilimia 9 hivi nilipopunguza, Mjomba akarudi, na koo lake lile la kukwaruza.

Anawahadithia wageni wa Idd habari za manowari. Aliingia jeshi la majini 1966. Jeshi lenyewe lilikuwa changa, limeanzishwa tarehe 12 Desemba 1964, mwaka kamili baada ya Kenya kupata uhuru wake. Lile la Waingereza, Royal East African Navy, lilikuwa limeshavunjwa 1962. Boti za doria za kwanza zilikuwa tatu, zimejengwa na kampuni ya Vosper huko Uingereza, zikaitwa Simba, Chui na Ndovu. Mjomba alipangwa Chui, chumba cha redio, kazi yake kusikiliza na kupiga Morse. Walikuwa wakitoka kambi ya Mtongwe kwenda kaskazini, Lamu mpaka Kiunga, vita vya Shifta, vile vya kaskazini-mashariki, vikiwa havijaisha. Anaeleza joto la kile chumba, na namna kusi ikivuma boti ile ndogo ilivyokuwa ikiwatapisha hata waliozaliwa juu ya ngalawa. Wageni wanacheka. Kisha anasema kwa uchungu ambao miaka mitano haikuupoza, kwamba aliondoka jeshini 1974, mwaka ule ule ilipokuja Mamba, kubwa kuliko zote tatu. "Mimi nikaisoma gazetini."

Udi aliupatia Lamu, siku boti ikitia nanga. Hakusoma kwa mwalimu wa kujulikana. Alikaa barazani kwa mzee mmoja seremala akatazama vidole. Ukimuuliza nani mpigaji udi, alikutajia Zein l'Abdin na akanyamaza, kwamba baada ya hapo hakuna wa pili wa kumtaja. Kwa uimbaji alikuwa wa Juma Bhalo, na hilo nyumbani kwetu halikuwa na mjadala.

Kwa kaseti hiyo ya namba 4, kidude nakipa alama zote. Maneno yanasikika, vicheko vinasikika, hata vikombe. Ule mvumo wa mota yake unaoingia chini kwa chini unaupunguza kwenye Audacity kwa kuchukua sampuli ya sekunde chache za kimya, lakini usizidishe. Ukiuondoa wote sauti ya mtu nayo inakauka. Rekodi kwa WAV, faili isiyobana sauti, hertz 44,100, na uangalie vipimo visigonge mwisho wa kulia. Saa moja ya WAV ya stirio inakula karibu megabaiti 600. Ukishamaliza toa nakala ya MP3 ya kutuma kwa watu, na WAV uifiche. Kosa la kidude hapa ni moja: utepe ukiisha kinajizima, lakini kompyuta haijui, inaendelea kurekodi kimya. Weka saa ya simu.

Kaseti ya namba 19 ni ya benki. Mjomba na mwenzake wa kazini, wote wawili wamestarehe, wanakumbushana siku za leja za mkono. Milango ilikuwa ikifungwa kwa wateja saa nane mchana, ndipo kazi inaanza. Hesabu lazima ilingane, na isipolingana hakuna anayekwenda nyumbani, awe karani au meneja msaidizi. Usiku mmoja walitafuta senti tano mpaka isha. Kijana mmoja akatoa senti tano mfukoni akaziweka mezani, ati yaishe. Mjomba anasema mkubwa wao hakukasirika, alimwambia tu kijana arudishe senti zake, kwa kuwa sasa wanatafuta kumi. Nimeicheza sehemu hii mara nyingi kuliko zote. Kazini kwetu tukifunga hesabu za dawa nami humwambia mwenzangu, "tunatafuta kumi."

Haya, muziki. Hapa ndipo shilingi 2,800 zinapoonekana ni shilingi 2,800.

Jumatatu na Alhamisi jioni Mjomba alikuwa na wenzake kwenye dari ya nyumba yao Kibokoni: udi, fidla, ngoma ya dumbak, tari la rika, na tashkota. Kwa walio mbali na Mombasa, tashkota ni ala ya nyuzi yenye vitufe kama vya taipureta. Ilibuniwa Nagoya, Japani, 1912, ikasafiri Bara Hindi, ikafika kwetu na ikakaa kwenye taarab ya Mombasa kiasi kwamba wengi hudhani ni ya Wahindi. Mjomba aliipiga pia. Watu wakisema vidole vyake vilitokana na Morse na mashine ya kujumlishia ya benki. Mimi nasema ni mazoezi, kwa sababu nilikuwa naletwa pale mdogo na nilikuwa nalala huku bado wanarudia beti moja.

Hakuwahi kulipwa. Sababu ilikuwa ni kutunzwa. Arusini mpigaji akipendeza, watu huja na noti wanamtunza hadharani, na Mjomba akisema haiwezekani mteja wake amtie noti mfukoni Jumamosi usiku halafu Jumatatu asubuhi aje kuomba mkopo. Basi alikaa nyuma kabisa, karibu na mpiga rika, na aliyemfuata na noti alielekezwa kwa mpiga rika. Mpiga rika huyo, inasemekana, alijenga.

Kaseti za mazoezi ni nyingi, na kwenye kidude hiki udi unayumba. Unapigwa uzi mmoja unaoachwa ulie, na ule mlio unapanda na kushuka kidogo, kama mtu anayeimba amepakiwa tuktuk. Sababu ni ya kimashine. Kwenye deki ya kweli, ile mashine kubwa ya kaseti ya mezani, kuna gurudumu zito linalozunguka na kuutuliza mwendo wa utepe. Ndani ya kidude hiki gurudumu ni dogo na jepesi, na mota ikitetemeka utepe nao unatetemeka. Sikio husamehe mtetemo kwenye maneno, maana sauti ya mtu akizungumza haikai mahali pamoja. Uzi wa udi hausamehewi. Tashkota ndiyo inaharibika zaidi, kwa sababu zile nyuzi zake zinazolia chini bila kukoma zinaufichua kila mtikisiko.

Tena changu kilikuwa kinakimbia. Nilikigundua kwa taarifa ya habari. Mjomba alikuwa na tabia ya kurekodi Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na zile alama za saa kabla ya habari zina mlio wa hertz 1,000 barabara. Audacity ikanionyesha 1,030. Asilimia tatu ni kama nusu ya nusu-toni: kwa habari hakuna atakayejua, kwa mtu aliyekaza nyuzi za udi akaziridhia ni dharau. Niliicheza kaseti ile ile kwenye deki ya fundi ikaja 1,001, kwa hivyo mwenye makosa ni kidude. Ndani ya mota kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mwendo, unaifikia kwa bisibisi nyembamba kupitia tundu. Mwendo ukarekebika, kuyumba kukabaki pale pale.

Kwa hiyo nilichofanya ni hivi, na ndivyo ninavyokushauri kama una kasha lako. Kaseti zote nilizipitisha kwenye kidude kwanza, nikasikiliza huku nafanya kazi zangu, nikaandika kilichomo. Zile za maneno zikaishia hapo. Za dukani, kama zile za lebo ya Mzuri ya akina Assanand, sikuzihamisha kabisa, kwani zimeshahifadhiwa na wengine kwa ubora kuliko wangu. Za mazoezi na za arusi, ambazo duniani zipo kwenye kasha hili tu, nikazipeleka kwa fundi mmoja wa Mwembe Tayari mwenye deki ya miaka ya themanini anayoitunza kama mtoto wake. Akanitoza kwa kaseti, nami nikalipia chache badala ya kulipia zote. Bila kidude ningelipia pia saa nzima za redio iliyoachwa wazi na mtu akikuna nazi.

Mkazamjomba nilimpelekea za maneno, kwenye fleshi, nikamwekea kwenye redio yake ndogo. Nilikuwa nimeshamtengenezea faili moja ya dakika arobaini, Mjomba mwanzo mpaka mwisho, nimekata ala zote kama alivyoagiza. Lakini kaseti namba 22 haikatiki. Wako katikati ya mazoezi, Mjomba anasimamisha kila kitu na kumwambia mpiga fidla, "Wewe, hiyo si bayati, hiyo ni kelele." Bayati ni moja ya maqamu, zile njia za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rasti na hijazi. Wanaanza tena. Anasimamisha tena. Mara ya tatu mpiga fidla anasema kwa adabu, "Mzee, tazama udi wako." Nikamwomba radhi mkazamjomba kwamba hapo kuna ala kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa upande wa redio, kisha akasema fidla ilikuwa sawa, uliotoka ni udi, na alikuwa amemwambia usiku ule ule akamkasirikia. Akauliza kama zimebaki nyingine za dari. Nikasema zipo, nimeziacha. "Zilete," akasema, "nikuonyeshe pengine alipokosea."

Sasa anazo zote. Tunakaa, yeye anahukumu, mimi naandika kwenye leja ya Mjomba, safu mpya kwa penseli. Kwa mujibu wa mkewe alikuwa mzuri wa rasti, wa kati kwenye hijazi, na bayati alikuwa akiibahatisha tu.

Nyota nakipa tatu kati ya tano, na ya tatu ni kwa sababu ya bei. Kinunue kama una kaseti zaidi ya kumi na hujui zina nini. Kama una moja tu na unajua ni ya muziki, nenda kwa fundi mwenye deki moja kwa moja. Usinunue kwa ajili ya mzee asiye na kompyuta ukidhani atakifurahia kusikilizia; vitufe vyake ni vigumu na visikilizi vinavumisha. Na usingoje. Utepe hauna mwaka maalumu wa kufa, ila unyevu wa Mji wa Kale haulali, na katika kasha letu zile zenye kuvu zilikuwa za zamani kuliko zote. Hizo bado ziko kando, zimefungwa kwenye mfuko na punje za kukaushia zinazokuja na chupa za dawa, zinangoja fundi apate siku ya kuzifanyia kazi peke yake na deki asiyoionea huruma.

Limebaki suala la wino mwekundu. Nimepitia leja yote, na wapo wadeni ambao majina yao hayajapigwa mstari. Mmoja ni yule yule aliyetaka kasha litiwe moto: kaseti namba 27, arusi, 1986, upande wa Cr una udi wa Mjomba peke yake. Nimempelekea salamu kwa heshima zote kwamba akiwa anayo, asiichome kabla haijapita kwangu. Nyingine ni namba 31, ilikwenda Muscat 1988 na mtu wa nyumbani aliyehamia huko. Ganda jeusi, karatasi ya buluu, mwandiko wa benki. Kama iko kwenye droo ya mama yako, Muscat au popote, tafadhali usiicheze kwanza. Itazame kidirisha kwenye mwanga, kisha uniandikie. Gharama ya kuileta nalipa mimi, na mstari wa buluu nitaupiga mbele yako.